Mrejesho: ile chumvi ya mashapo meupe ni ya zinki

Habari zenu wakuu. Nilikuwa na chumvi nisiyoijua, nikauliza namna ya kutofautisha ioni za alumini, zinki na risasi, maana zote zikitiwa sodiamu haidroksaidi hutoa mashapo meupe (chembe ngumu zinazojitenga ndani ya myeyusho), na ukiizidisha yanayeyuka yote.

Aliyenielekeza kwenye amonia, Mungu akubariki sana. Nilidondosha amonia tone kwa tone kwenye myeyusho wa chumvi hiyo, mashapo meupe yakatokea. Nilipoizidisha yakapotea kabisa, myeyusho ukabaki hauna rangi. Basi ni zinki. Kila ioni yake hushikana na molekuli nne za amonia na kuwa ioni changamano inayokaa vizuri ndani ya maji. Alumini haina tabia hiyo: haidroksaidi yake hubaki pale pale kama ute mweupe, hata amonia iwe nyingi kiasi gani. Ya risasi nayo haiyeyuki.

Kwa hiyo hao wawili wanatenganishwa na potasiamu iodaidi. Nilijaribu kwa risasi naitreti: njano kali papo hapo! Kisha nikachukua mashapo kidogo, nikaongeza maji na kuyachemsha; njano ikayeyuka, na yalipopoa zikashuka chembe zinazometa kama dhahabu. Sijaona jaribio zuri kuliko hilo katika kemia yote ya sekondari, na nashangaa linavyorukwa.

Mtakaorudia, mabaki ya risasi msiyamwage kwenye sinki, ni sumu. Wekeni chupa yake yenye lebo. Na sodiamu haidroksaidi iwe hafifu, maana ukimimina nyingi kwa mkupuo unaweza usiyaone mashapo kabisa.