Nyumba ya Bibi, Tabata: siku ya kufunga sensa za kurudi nyuma kwenye gari

Jumamosi

07:41 Shangazi Rehema: Assalaam alaykum familia. Mmeamkaje? Nakumbusha michango ya harusi ya Asha, mwisho Ijumaa ijayo. Tusisukumane.

07:44 Zuhura: Waalaykum salaam. Shikamoo shangazi. Yangu nimetuma juzi.

07:45 Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu, nimeiona. Nasema na wale wanaosoma na kunyamaza.

07:52 Nasri: [Picha] Shikamooni wakubwa. Mzigo umefika. Sensa 4, kiboksi chake, kidude cha kukaa kwenye dashibodi na kisahani cha kutobolea. Kariakoo, 45,000. Walinianzia 60,000.

07:53 Zuhura: Hela yangu hiyo jamani, muiheshimu 😂

07:55 Mjomba Seif: Sensa za nini tena?

07:56 Zuhura: Mjomba kumbe hujui. Mama kaigonga tena ile nguzo ya kamba ya nguo akirudi nyuma na gari. Alhamisi jioni. Mara ya tatu tangu Ramadhani.

07:58 Mama Nasri: Ya pili. Ile ya kwanza niliigusa tu.

08:00 Mjomba Seif: IST yenyewe ndogo kama kiberiti na bado unagonga?

08:02 Mama Nasri: Kaka, uje urudi nyuma wewe hapa uani. Kushoto tangi la maji, kulia banda la kuku la mama, nguzo imesimama katikati kama mgambo. Na yenyewe nyembamba, kwenye kioo huioni mpaka uisikie.

08:04 Mjomba Seif: Peleka kwa fundi. Gari si redio. Huyo kijana atakutobolea bampa liwe chujio.

08:06 Nasri: Fundi anataka 40,000 kwa kufunga tu mjomba. Baba mdogo yumo humu, ataniongoza.

08:20 Baba mdogo Juma: Nimo. Niko gereji lakini leo kazi chache. Nasri, usiguse drili kwanza. Umenisikia?

08:21 Nasri: Shikamoo baba mdogo. Nimekusikia.

08:24 Baba mdogo Juma: Marahaba. Kwanza unganisha kila kitu hapo barazani, nje ya gari. Chomeka sensa zote 4 kwenye kiboksi, chomeka kidude, halafu waya mwekundu kwenye chanya ya betri, mweusi kwenye hasi. Pitisha mkono mbele ya kila sensa. Kama kuna mbovu uijue sasa hivi, urudishe dukani. Ukishatoboa matundu manne ndo unagundua tatu ndizo nzima, utaziba na nini?

08:49 Nasri: [Video] Zote zinalia. Ila paka wa Bibi kakimbia hata kabla kidude hakijalia.

08:52 Mama Nasri: Paka anaisikia sensa yenyewe. Inatoa sauti ya kama kilohezi 40. Masikio ya binadamu yanaishia 20, na ya wazee hata hapo hayafiki.

08:53 Shangazi Rehema: Kwani inaonaje wifi, kuna kamera humo ndani?

08:57 Mama Nasri: Hakuna kamera wifi yangu. Ni mwangwi. Inapiga kelele, kelele inakwenda kugonga ukuta inarudi, kiboksi kinapima imechukua muda gani. Sauti hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Kitu kikiwa mita moja nyuma yako, kwenda na kurudi inachukua kama sehemu 6 za elfu za sekunde. Kiboksi kinapiga hesabu, kinakwambia mita moja.

08:58 Zuhura: Kama popo.

08:58 Mama Nasri: Popo hasa.

09:01 Mjomba Seif: Mwalimu wa fizikia anayegonga nguzo 😂😂

09:02 Zuhura: Mjomba, admini wa hili kundi ni mama. Nakukumbusha tu.

09:03 Mjomba Seif: Ujumbe huu umefutwa

09:12 Baba mdogo Juma: Tuendelee. Vipimo. Kutoka chini mpaka kwenye tundu iwe sentimita 50 hadi 60. Ukishusha zaidi itasoma ardhi, mama yako atapigiwa kelele siku nzima na hakuna kitu. Mbili za pembeni ziweke karibu na kona, mahali bampa bado linatazama nyuma. Lilipoanza kupinda usifike. Mbili za kati gawa sawasawa. Bandika ile tepu ya karatasi ya wapaka rangi ndo uchore juu yake, rangi isichubuke.

09:14 Baba mdogo Juma: Na lala chini uchungulie nyuma ya bampa. Kuna chuma huko. Ukitoboa mbele ya chuma, sensa itaingia kichwa mkia utakwama.

09:17 Nasri: Nimelala chini sasa hivi. Chuma nakiona, kiko juu kidogo ya mstari wangu.

09:19 Baba mdogo Juma: Safi. Sasa tafuta plastiki yoyote, toboa moja ya mazoezi. Ujaribu kama sensa inaingia kwa kubana. Visahani vingine wanavyokuwekea humo havilingani na sensa zenyewe.

09:48 Nasri: [Picha] Imeingia, imebana vizuri kabisa.

09:50 Bibi: [Sauti 0:52]

09:53 Zuhura: Kwa wasio na bando: Bibi anauliza nani katoboa ndoo yake ya bluu ya kuchotea maji ya kuku. Anasema ile ndoo kanunua kwa hela yake, haikuletwa na mtoto wala mjukuu.

09:54 Nasri: Bibi naomba radhi. Nilidhani ya taka.

09:55 Bibi: [Sauti 0:07]

09:56 Zuhura: Hiyo siandiki.

10:03 Baba mdogo Juma: Bibi shikamoo, nilaumu mimi. Nasri, anza na drili nyembamba katikati ya alama, ndo ufuatishe kisahani. Mwendo mdogo. Usiegemee, plastiki ikipata moto inayeyuka badala ya kukatika.

10:34 Nasri: UMEME UMEKWISHA

10:34 Nasri: Drili imesimama katikati ya tundu la tatu. Kisahani kimenasa kwenye bampa, drili inaning'inia.

10:35 Mama Nasri: Asubuhi zilikuwa uniti 4! Nani kapiga pasi?

10:36 Shangazi Rehema: Innalillahi.

10:37 Mjomba Seif: Mimi nilisema nini?

10:38 Baba mdogo Juma: Usivute kwa nguvu. Chomoa drili kwenye soketi kabisa, umeme usije ukarudi umeishika. Halafu zungusha kisahani kwa mkono kinyumenyume, kitatoka.

10:44 Mama Nasri: Nimenunua. Nasri, namba za LUKU nimekutumia kando.

11:26 Nasri: [Picha] Manne yote. Kingo nimezisafisha kwa msasa.

11:28 Zuhura: Pamekaa vizuri jamani! Kumbe una mikono.

11:30 Baba mdogo Juma: Hongera. Sasa waya. Kila waya una herufi, na kiboksi kina herufi, usichanganye, maana kidude kitasema kushoto wakati tangi liko kulia. Usipitishe karibu na eksozi. Kwenye sakafu ya buti kuna plagi ya mpira, ing'oe, itoboe katikati, pitisha waya zote hapo urudishe. Maji yasiingie. Halafu ndo utafute moto wa kiboksi, yaani umeme.

11:33 Mjomba Seif: Moto achukue kwenye taa ya namba ya gari, iko hapo hapo karibu.

11:35 Baba mdogo Juma: Hapana bwana Seif. Taa ya namba inawaka muda wote ukiwasha taa usiku. Atalia Barabara ya Mandela yote kuanzia Buguruni. Moto unachukuliwa kwenye taa ya rivasi, ili kiboksi kiamke gia ikiingia R tu, ya kurudi nyuma.

11:38 Baba mdogo Juma: Tumia taa ya kujaribia, usiamini rangi ya waya, huwezi jua gari lilishashikwa na nani. Swichi on bila kuwasha injini, mama aweke R, wewe uko kwenye buti unapima. Waya utakaowasha taa ndo huo. Mweusi wa kiboksi funga kwenye bolti ya bodi, kwangua rangi kwanza.

12:21 Nasri: Nimeupata. Naunga.

12:33 Shangazi Rehema: Adhuhuri imeingia. Acheni magari mkaswali.

13:18 Nasri: Baba mdogo kuna shida. Kubwa.

13:18 Nasri: Inalia mama akikanyaga breki. Hata gia ikiwa D. Hata P.

13:19 Mama Nasri: Nimetoka nayo mpaka kwa muuza mkaa na kurudi, kila tuta linapiga kelele. Watu wanageuka.

13:20 Zuhura: 😂😂😂

13:22 Mjomba Seif: Fundi 40,000.

13:31 Baba mdogo Juma: Subirini. Shemeji, Nasri alipokuwa anapima waya, mguu wako ulikuwa wapi?

13:32 Mama Nasri: Kwenye breki. Bila kukanyaga breki gia haitoki P.

13:34 Baba mdogo Juma: Ndo hapo. Gia iko R na breki imekanyagwa, kwa hiyo taa za breki zinawaka na ya rivasi inawaka. Waya mbili zote zina moto, yeye kadaka wa breki. Kosa langu, mimi nimezoea kupima na fundi mwenzangu, anajua mwenyewe kutoa mguu.

13:36 Baba mdogo Juma: Fanyeni hivi. Jiwe mbele ya tairi na jingine nyuma. Handibreki juu. Mama akanyage, aweke R, halafu ATOE MGUU. Upime tena. Waya utakaobaki na moto ndo wenyewe. Na ule wa breki uliouchuna uufunge tepu nyeusi vizuri, usiuache uchi.

14:05 Nasri: Umepatikana! Ulikuwa wa jirani yake kabisa. Breki kimya sasa, R ndo inaamka.

14:06 Mama Nasri: Alhamdulillah.

14:11 Nasri: Ila sasa kidude kinaonyesha kuna kitu upande wa kulia muda wote. Nyuma hakuna kitu, kuku nimewafukuza.

14:13 Baba mdogo Juma: Tuma picha ya hiyo sensa. Ipige kwa karibu.

14:14 Nasri: [Picha]

14:16 Baba mdogo Juma: Kimshale kinatazama wapi?

14:16 Nasri: Chini 🙈

14:18 Baba mdogo Juma: Basi inasoma ardhi. Zina mwinamo kidogo ndani, ndo maana wanaweka kimshale. Igeuze.

14:25 Nasri: Imenyamaza. Naanza majaribio sasa, mama anaendesha, mimi napima kwa futi.

15:02 Nasri: Matokeo. Ukuta: inaanza kulia kwenye mita 1.5 hivi, mlio unakazana, sentimita 30 inakuwa piii moja. Tangi la maji: safi. Ndoo ya Bibi: safi, hata na tundu lake. Godoro la sponji la mtoto: inalia ukishafika karibu sana, na muda mwingine hailii.

15:04 Mama Nasri: Sponji inameza sauti, hairudishi. Kama darasa lenye mapazia.

15:05 Zuhura: Na nguzo?

15:11 Zuhura: Nasri, na nguzo?

15:13 Nasri: Nguzo haiioni.

15:13 Mjomba Seif: 😂😂😂😂

15:14 Nasri: Yaani ikiwa usawa wa sensa inalia kidogo mwishoni. Ikikaa katikati ya sensa mbili, kimya kabisa. Mama alibaki na sentimita 15 ndo nikapiga kelele mimi.

15:15 Zuhura: Lakini nguzo ndiyo iliyotufikisha hapa!

15:19 Baba mdogo Juma: Ni bomba la inchi moja hilo, nalikumbuka, nililichimbia na kaka. Ni jembamba halafu la mviringo, sauti ikiligonga inatawanyika pembeni, inayorudi ni kidogo mno. Wavu wa seng'enge nao ni hivyo hivyo. Na mtaro hauonekani kabisa, maana mtaro ni shimo, hakuna cha kugonga. Shemeji, vioo bado uangalie. Na mvua ikinyesha futa tope kwenye sensa.

15:21 Mjomba Seif: Ndo maana nikasema fundi.

15:22 Baba mdogo Juma: Fundi angekufungia hizo hizo, na nguzo ingekuwa ile ile.

15:40 Bibi: [Sauti 1:14]

15:45 Zuhura: Kwa wasio na bando: Bibi anasema tangu Alhamisi anawaambia ng'oeni hiyo nguzo, mmekazana na mashine. Kamba ifungwe kutoka kwenye mwembe mpaka nondo za dirisha la jikoni, ndivyo ilivyokuwa zamani kabla babu hajaleta bomba lake. Na ndoo hajaisahau.

15:47 Mama Nasri: Kweli mama alisema. Nilidhani anatania.

15:48 Nasri: Naing'oa.

16:52 Nasri: [Picha] Imetoka. Haikuwa hata na zege, mawe tu yameshindiliwa.

16:53 Baba mdogo Juma: Zege tulikuwa tuweke wiki iliyofuata 😅

16:55 Zuhura: Kwa hiyo 45,000 yangu imekwenda, na dawa ilikuwa jembe.

16:57 Mama Nasri: Haijapotea mwanangu. Tangi inaliona, banda la kuku inaliona. Juzi sokoni nilikaribia kumgonga mtu na mkokoteni. Nimerudi nyuma sasa hivi mara tano, sijagusa kitu.

16:58 Mjomba Seif: Hakuna cha kugusa tena 😂 Haya hongera Nasri. Wiki ijayo uje unifungie na mimi.

16:59 Shangazi Rehema: Seif, mchango wa Asha kwanza.

17:04 Bibi: [Sauti 0:11]

17:05 Zuhura: Bibi anataka ndoo mpya. Ya bluu, yenye mfuniko. Anasema aliyetoboa anajijua.

17:06 Nasri: Dada Zu nisaidie basi, nimeishiwa kabisa.

17:07 Zuhura: Shilingi ngapi?

17:07 Nasri: 8,000

17:08 Nasri: Na ya kutolea.