Naomba ushauri: karakana ya meli Kisumu imeamka, fundi wa mageti naingiaje?

Habari zenu wadau, mzee wangu alikuwa fundi karakana ya meli hapa Kisumu, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 kazi ikapungua mpaka akarudi nyumbani na nyundo yake ya ribiti, ninayo hadi leo, mpini umelainika kwa jasho. Sasa pale pameamka, meli ya MV Uhuru II imeundwa palepale na mimi na vijana wangu wanne wa jua kali bado tunachomelea mageti na madirisha tu. Natamani sana tuingie lakini meli si geti jamani, ukiacha katundu kadogo maji yanaingia watu wanakufa. Nianze na mtihani wa gredi wa NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani) ama nisajili kampuni kwanza nitafute cheti cha AGPO (cha zabuni za serikali zilizotengewa vijana, wanawake na walemavu)? Aliyepitia hii njia anishike mkono tafadhali.