Chokaa naongeza, pH inazidi kushuka. Tatizo liko wapi?

Mtu wa Boila: Wakuu, habari za kazi. Nipo Poland, mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, zamu ya usiku. Moshi wetu unaoshwa mnarani kwa uji wa mawe ya chokaa ili kutoa salfa. Siku zote pH ya uji (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) tunaishikilia 5.5. Tangu juzi imeshuka hadi 4.6, na SO2, ile gesi ya salfa, kwenye bomba la moshi inapanda. Nimeongeza uji karibu mara mbili, wapi! Jasi inayotoka, yaani ule unga unaobaki chokaa ikishika salfa, imekuwa ya kijivu, inagoma kukauka. Bosi anasema niongeze tena. Naombeni ushauri.

Fundi Pampu: Anza na kipimo chenyewe cha pH, mkuu. Vidude hivyo huganda jasi. Chota uji kwenye chupa, upime pembeni kwa kipimo kilichorekebishwa kwa bafa (maji ya pH inayojulikana) ya 4 na ya 7. Niliwahi kumwaga chokaa wiki nzima kisa kipimo kichafu.

Mtu wa Boila: Nimetoka kupima. Chupani 4.7. Kipimo hakina kosa.

Fundi Pampu: Na blowa za kupuliza hewa kwenye uji? Hewa ikipungua, salfaiti (salfa iliyonaswa) haigeuki salfeti, yaani jasi, na salfaiti hiyo hufunika chokaa.

Mtu wa Boila: Zote mbili zinapuliza vizuri.

Dada Maabara: Basi acha kuongeza, kaka. Chokaa unayo tele, ila haiyeyuki. Nahisi alumini floraidi. Alumini hutoka kwenye majivu, floraidi kwenye makaa. Vikikutana ndani ya uji vinazivika chembe za chokaa ukoko. Unayoongeza nayo inavikwa, inaishia kwenye jasi. Dondoshea jasi asidi ya haidrokloriki: povu likiwa jingi, ndiyo chokaa yako hiyo. Kinasa vumbi chenu, kile cha kukamata majivu kabla moshi haujafika mnarani, kikoje?

Mtu wa Boila: Dada, hapo umenigusa. Sehemu moja ilizimika Jumanne, tukasema itasubiri matengenezo. Na povu limefurika hadi mezani.

Dada Maabara: Iwasheni kwanza, la sivyo unatwanga maji kwenye kinu. Punguzeni mzigo wa boila wakikubali, toeni maji machafu zaidi ili floraidi iondoke, kisha tia kostiki soda (alkali kali) kidogo kidogo. pH ikipanda ukoko unaachia. Ila usivuke 6, na uwe macho: ukoko ukiachia, chokaa yote uliyolimbikiza itaamka kwa mpigo.

Mtu wa Boila: Saa 10 alfajiri. Kinasa vumbi kimewaka chote, pH 4.9. Bosi bado anauliza nani kafunga vali ya chokaa.