Bendera siku za kumbukumbu: lini nusu mlingoti, na inapandishwaje

Ndugu zangu, habari za huko mliko. Tarehe 14 Oktoba inakaribia, na nje ya ukumbi tunaokutania kuna milingoti miwili ya mita 6. Bendera yetu ya Tanzania iwe nusu mlingoti au ipande hadi juu? Na ya nchi tunayoishi ikae upande gani?

Jibu

Dada, Siku ya Nyerere ni kumbukumbu ya kila mwaka, si maombolezo. Bendera hushushwa nusu mlingoti kwa tangazo la Serikali, na tangazo hilo husema ni kwa siku ngapi. Mzee Mwinyi, Rais wetu wa zamani, alipofariki tarehe 29 Februari 2024, zilitangazwa siku 7 kuanzia Machi 1, na bendera zikawa nusu mlingoti kwa muda huo. Kwa hiyo 7 Aprili (Karume), 25 Julai (Mashujaa) na 14 Oktoba, pasipokuwa na tangazo, ipandeni hadi kileleni. Mkiishusha kwa kuwa tu siku yenyewe ina simanzi, Mtanzania atakayepita hapo atapiga simu nyumbani kuuliza nani amefariki.

Msiige pia desturi za wenyeji, maana kila nchi ina zake. Australia, 25 Aprili (Siku ya Anzac, ya kuwakumbuka wanajeshi wao), bendera hukaa nusu mlingoti hadi saa sita mchana kisha hupanda juu. Marekani hufanya hivyohivyo Jumatatu ya mwisho ya Mei (Memorial Day, ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa). Uingereza, Jumapili ya Kumbukumbu ya mwezi Novemba, bendera za majengo ya serikali hupepea juu kabisa.

Jibu

Naongezea utaratibu wenyewe, kwa ajili ya siku tangazo litakapotoka.

Nusu mlingoti si nusu kamili. Kipimo kinachokubalika pengi ni theluthi moja kutoka juu. Kwa mlingoti wa mita 6, ukingo wa juu wa bendera ukae kama mita 4 kutoka ardhini. Bendera ya sentimita 100 kwa 150 itakuwa na ukingo wa chini kwenye mita 3, na hapo haigusi maua wala kichwa cha mtu. Ikiwa chini zaidi ya hapo, watu watadhani kamba imelegea.

Asubuhi ipandisheni kwa kasi hadi kileleni, ikae kidogo, kisha ishusheni polepole hadi kwenye kipimo. Jioni ni hivyohivyo: ipande kwanza hadi juu, ndipo ishushwe yote. Hatua hii ya kupita kileleni ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayoonyesha kwamba bendera imeshushwa kwa heshima. Jana yake, bandikeni utepe wa rangi kwenye kamba pale itakapofika mkononi bendera ikiwa kwenye kipimo. Vinginevyo mtu atabaki anavuta juu chini huku umati umesimama kimya.

Jaribuni mapema kapi, yaani kigurudumu cha kileleni kinachopitisha kamba. Kamba iliyokaa nje msimu mzima huwa imevimba au ina fundo, na fundo likifika kwenye kapi bendera hukwama huko juu. Klipu mbili zinazoshika bendera kwenye kamba, ya juu na ya chini, zikae mbali kiasi cha kuunyoosha ukingo wa bendera. Zikikaribiana, kitambaa hulegea na kona ya juu huning'inia.

Nanyi mlio mbali na Dar es Salaam, hesabuni siku kwa saa za mahali mlipo, mapambazuko hadi machweo.

Jibu

Kaka kasema vizuri, ila kosa kubwa zaidi la bendera yetu ni kupinduliwa. Ukiigeuza juu chini, mstari mweusi bado unapanda upande uleule, kwa hiyo jicho halishtuki kama linavyoshtuka kwa bendera ya milia. Kagueni rangi: kijani kiwe juu, upande wa mlingoti, buluu iwe chini, upande unaopepea. Ni hivyo hata ukiitazama kwa nyuma. Ukutani, iwe imelala au imesimama, kijani kiwe juu kushoto kwa anayetazama.

Kuhusu bendera mbili: kila moja na mlingoti wake, urefu sawa. Kuweka bendera ya taifa moja juu ya nyingine kwenye mlingoti mmoja wakati wa amani ni tusi katika desturi za kimataifa. Ya wenyeji ikae kushoto kwa anayetazama kutoka mbele, kwani huko ndiko upande wa heshima. Zipande pamoja, au ya wenyeji itangulie kupanda na iwe ya mwisho kushuka.

Ukubwa huleta ubishi. Yetu ni 2 kwa 3 (kimo kwa urefu), ya Ujerumani 3 kwa 5, ya Uingereza 1 kwa 2. Linganisheni kimo, urefu uachieni utofautiane. Jihadharini na za dukani za sentimita 90 kwa 150: hiyo ni 3 kwa 5, yetu ya kimo hicho ni 90 kwa 135.

Jibu

Na sisi wenye kile kijiti cha kuchomeka ukutani kimelala pembe? Hakishuki.

Jibu

Hakishuki, kweli. Fungeni utepe mweusi kileleni, juu ya bendera, ncha mbili zikining'inia karibu urefu wa bendera yenyewe. Usishonewe kwenye kitambaa.

Kama msiba ni wetu peke yetu, msishushe bendera ya wenyeji. Si mamlaka yetu. Siku hizo pandisheni ya Tanzania peke yake. Msiba ukiwa wao na zao zimeshuka, ama shusheni yetu sambamba au muiondoe kabisa. Ikibaki kileleni pembeni ya bendera iliyo nusu mlingoti inaonekana vibaya, hata kama hakuna aliyekusudia.

Wale wa Zanzibar wanaotaka bendera yao tarehe 7 Aprili: ya Muungano hutangulia kwa nafasi na kwa kupanda.

Kitambaa: nailoni kwa siku yenye upepo mdogo, poliesta nzito kwa mahali penye upepo mkali. Ikianza kuchanika ukingoni msiikate na kuipinda upya, kwani mtaharibu uwiano wake. Nunueni nyingine.