Mama amevunjika mufupa wa mugongo (L1, pingili ya kwanza ya kiuno): tukubali simenti ao tungoje?

Binti_Kadutu (Bukavu)
Bandugu, minawasalimia wote, samahani itakuwa ndefu juu niko na mawazo mengi. Mama yangu ana miaka 61, kazi yake tangu zamani ni kubeba mizigo ya batu na mugozi (mkanda wa kupitisha ku paji la uso), makala, unga, mihogo toka ku beach mpaka huku juu Kadutu. Sasa ni wiki tatu, mvua ilikuwa imenyesha, alikuwa anashuka kwa ile njia ya udongo mbele ya nyumba, hata hakuwa na muzigo, mguu ukateleza akakaa chini na matako. Hivyo tu. Akasimama mwenyewe akaingia ndani, usiku njo maumivu ikaanza ya kweli.

Tulipiga radio (picha ya mifupa), dokta akatuonyesha L1 imebonyea upande wa mbele, akampa korse na parasetamo akasema alale apumuzike. Kumuona anaamka inaniumiza sana: anashika chandarua, kisha ukuta, anazuia pumzi, jasho inatoka juu ya mdomo, kisha ananiambia haiko kitu mwanangu. Baba mudogo anasema tuuze kiwanja tumupeleke Kigali bamuwekee simenti mu mufupa. Shangazi naye ameshaongea na mzee mwenye kukanda mifupa, anakuja siku ya posho (Jumamosi). Mimi njo mukubwa wa watoto, wote wananiangalia. Kuna mwenye amepita hapo?

Nilisahau: kabla hata ya kuanguka, kikwembe chake kilikuwa kinaburuta chini, zamani hakikuwa vile, tulifikiri ni uzee.

Papa_Ndosho (Goma)
Pole sana dada. Mimi nilianguka toka juu ya chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) yenye viazi mu 2019, nikabonyeza T12, mufupa wenye uko juu tu ya L1, nilikuwa 34. Jambo moja tu minakuomba kwa moyo wote, huyo mzee wa kukanda asimuguse mama ku mugongo. Mimi walinikanda mara mbili na mafuta ya moto, mara ya pili nilipoteza usingizi siku nne nzima. Kifundo cha mguu sijui, lakini uti wa mgongo hapana.

Simenti sikuwekewa. Mwezi wa kwanza nilikuwa nalia kama mtoto, wa pili nikaanza kufika ku barabara, wa tatu nikarudi kazini lakini si kubeba. Mpaka leo nikibeba bidon ya litre 20 mugongo unanikumbusha.

Kine_Himbi (Goma)
Binti, mimi ni kine (mwenye kutibu na mazoezi ya viungo), migongo kama hii nawapokea kila juma. Sijamuona mama kwa hiyo dokta wake ndiye anakata neno, lakini kuna mambo naona mmeruka.

Hicho kikwembe ndicho kimenishtua kuliko radio. Mama amepungua urefu, maana yake inawezekana kuna mifupa mingine ya mgongo ilishabonyea polepole kabla hajateleza. Na mtu akikaa chini tu akavunjika, mufupa ulikuwa umelegea tangu zamani. Kwa mama wa umri huo, hedhi ikiisha mifupa inapoteza nguvu, banaita osteoporozi. Ukishavunjika mmoja, wa pili uko karibu, katika mama kama hao karibu mmoja ku tano anavunjika tena ndani ya mwaka. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kujua kwa nini ulivunjika, simenti baadaye.

Simenti yenyewe ilianza Ufaransa, Amiens, mu 1984. Wanaingiza sindano mpaka ndani ya mufupa, wanamimina, inakauka. Watu wengi walisema wamepona siku hiyo hiyo, lakini mu 2009 zilitoka tafiti mbili ambapo nusu ya wagonjwa walifanyiwa mchezo tu, sindano bila simenti, na maumivu yao yakapungua karibu sawa na wengine. Mu 2016 wa Australia wakaonyesha inaweza kusaidia mwenye maumivu makali sana ndani ya wiki 6 za kwanza. Kwa hiyo si uongo, lakini si kitu cha kuuzia kiwanja wiki ya tatu, wakati wengi maumivu inashuka yenyewe kati ya wiki 6 na 12. Na kama ndani ya mufupa kuna mikrobi, simenti haiwekwi kabisa.

Hapo njo nafika ku kifua kikuu. Kwetu huku Kivu mufupa wa mgongo ukibonyea lazima uulize hilo swali. Kinaweza kushuka ku mugongo bila mtu kukohoa hata siku moja. Mama anatoka jasho usiku? Amekonda? Homa ya jioni? Muombe dokta aangalie tena radio kama nafasi kati ya mifupa miwili imeliwa, osteoporozi kawaida haili pale, kifua kikuu kinakula. Mpime damu na VS (kipimo cha damu cha kuonyesha kama kuna uambukizi ao uvimbe mwilini), na mukiweza skaneri. Dawa ya kifua kikuu inatolewa bure, ila ya mufupa inachukua miezi mingi kuliko ya mapafu.

Kulala siku nzima hapana, wiki tatu inatosha kabisa! Kila siku kitandani misuli inaisha na mufupa unazidi kulegea. Kuamka iko hivi: akunje magoti, ageuke ubavu mzima kama gogo, mabega na kiuno pamoja, ashushe miguu nje ya kitanda huku anajisukuma na mkono. Asiinuke kwa tumbo. Korse avae akisimama, atoe akilala. Babula (jiko la makala) muiweke juu ya meza, fagio muifunge mti mrefu, asiiname. Na mugozi, samahani sana kusema hivi juu najua njo chakula ya nyumba, lakini mugozi umekwisha.

Mama_Katuba (Lubumbashi)
Nimesoma nikalia kidogo. Dada yangu alivunjika hivyo akiwa 41 tu, huku L'shi, na tulitafuta sababu mwaka mzima. Ilikuwa vidonge vya kunenepa, vile wanauza ku soko mu karatasi, ndani ni dexa (deksametazoni, dawa ya steroidi). Alikunywa miaka sita ili mapaja yajae. Dexa inakula mifupa kimya kimya. Muulize mama polepole, mukiwa peke yenu, si mbele ya shangazi, maana dada yangu alificha kwa haya. Na kama anakunywa asiache ghafla, mwili unaweza kuanguka kabisa, dokta njo anapunguza kidogo kidogo.

Dada alipewa alendronati (dawa ya kukaza mifupa) ya miligramu 70, moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula na glasi nzima ya maji, kisha nusu saa asilale. Na sambaza mnazo huko kwenu, ale na mifupa yake, hiyo ni kalisiumu.

Binti_Kadutu (Bukavu)
Asanteni sana sana, nilisoma yote kwa sauti na mama anasikia. Dexa hapana, ameapa na namuamini. Lakini jasho ya usiku iko tangu mwezi wa pili, tulifikiri ni umri, na blausi ya ibada inamlegea mabegani. Siku ya kwanza (Jumatatu) tunarudi ku dokta na ile radio, nitaomba VS na mengine. Mzee wa kukanda nimemwambia asije, shangazi amekasirika. Baba mudogo amekubali kiwanja kingoje.

Maumivu anakunywa diklofenaki ya ku kioski juu parasetamo ilimushinda, ana tensio pia, ni mbaya?

Leo amegeuka kama gogo. Hakushika ukuta.

Kine_Himbi (Goma)
Diklofenaki muache mpaka dokta aseme, kwa mwenye tensio inapandisha, na inaharibu tumbo na figo. Parasetamo aichukue kwa saa zake vile dokta aliandika, si kungoja iume. Ikishindwa kuna dawa zingine, lakini zenye nguvu zinafunga choo na kujikaza choo kunaumiza mugongo, kwa hiyo papai na maji mingi.

Na miguu ikianza kulegea, ao akishindwa kuzuia mkojo, ao akose kusikia pale anapokalia, hata kama ni saa nane za usiku, usingoje siku ya kwanza. Mumbebe ku hospitali amelala juu ya kitu cha kunyooka, si ku pikipiki.