MJADALA: Mantra ni ibada au ni zoezi tu la kutuliza akili? Shule za serikali ziifundishe?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Naleta hoja ambayo Wamarekani wanavutana nayo kwa karibu nusu karne sasa, na sioni dalili ya kumalizika.

Mwaka wa masomo 1975–76, shule tano za sekondari jimboni New Jersey ziliingiza somo la hiari, "Sayansi ya Akili Bunifu". Kiini chake kilikuwa Transcendental Meditation, aina ya taamuli (meditation) ya Maharishi Mahesh Yogi, mwalimu wa kiroho kutoka India: unakaa, unafumba macho kama dakika ishirini mara mbili kwa siku, unarudia kimoyomoyo neno moja ulilopewa. Wazazi wakaambiwa hii si dini. Sasa sikilizeni neno lenyewe lilivyopatikana. Mwanafunzi alitakiwa kwenda siku ya Jumapili, nje ya shule, amebeba matunda, maua na leso nyeupe. Ndani kuna meza na picha ya Guru Dev, mwalimu wa Maharishi aliyefariki mwaka 1953. Anayeendesha shughuli anaimba kwa Kisanskriti mbele ya picha, anatoa vile vitu kama sadaka, akimaliza ndipo anampa mtoto mantra yake. Na asimwambie mtu.

Kesi ikafunguliwa. Mahakama ya shirikisho ikasema mwaka 1977 kwamba hiyo ni dini, na mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo Februari 1979. Somo likafa.

Msimamo wangu: mahakama zilisema kweli. Silabi za aina hii zina kwao, na kwao ni katika tantra, yaani mapokeo ya ibada ya Kihindu yanayotumia mantra na michoro mitakatifu. Kila moja ina mungu wake wa kike: *Aim* ni ya Saraswati, *Shrim* ya Lakshmi, *Hrim* ya Bhuvaneshvari, *Krim* ya Kali. Kwa mfuasi wa tantra, sauti hiyo ndiyo mungu mwenyewe katika umbo la sauti, na anayeirudia miaka nenda rudi hatafuti usingizi mzuri. Anatafuta moksha, kufunguliwa kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa, kufa na kuzaliwa tena. Unamfutaje mungu kwenye neno lake, halafu unaligawa darasani kama dawa ya msongo wa mawazo? Umemdanganya mtoto wa Kikristo na wa Kiislamu, na Mhindu mwenyewe umemvunjia heshima. Karibuni.

Kinyonga:
Mkuu, unakuza mambo. Mwaka 2013 Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia tafiti za njia za kushusha presha bila dawa. Katika aina zote za taamuli, hiyo ya Maharishi pekee ndiyo waliyosema daktari anaweza kuifikiria, ingawa ushahidi waliuita wa wastani tu. Moyo haujui Saraswati ni nani, presha inashuka au haishuki.

Na mahakama unazozitegemea hazisemi kitu kimoja. Mji wa Encinitas, California, wazazi walishtaki kwa sababu shule za msingi zilikuwa zinafundisha yoga. Aprili 2015 mahakama ya rufaa ya jimbo ikasema yoga ile si dini, watoto waendelee. Asili ya kitu ni jambo moja, matumizi yake leo ni jambo jingine.

Mleta mada:
Kinyonga, soma Encinitas vizuri. Kabla hukumu haijatoka wale walikuwa wameshaondoa Kisanskriti chote, mpaka mkao wa yungiyungi ukapewa jina la kibwagizo cha watoto wadogo. Hakukuwa na picha ya guru, sadaka wala siri. Kunyoosha viungo hakuhitaji mtoto aahidi kumficha mama yake kitu.

Binti Tanga:
Samahani jamani, tantra si ndiyo ile ya mambo ya chumbani? Au ni uganga wa makaburini? Maana mtandaoni ndivyo inavyouzwa.

Mwana Kisutu:
Dada yangu, hili nalijibu mimi kwa sababu nimezaliwa humo, familia yetu ni Wahindu wa Dar.

Tantra ina njia ya mkono wa kulia na njia ya mkono wa kushoto. Ile ya kushoto ndiyo yenye vitu vitano vinavyoleta kelele: pombe, nyama, samaki, nafaka za kukaanga na tendo la ndoa. Hata huko ni ibada yenye masharti mazito, si starehe. Kularnava Tantra, maandiko ya watu wa njia hiyohiyo, inawakejeli wanywaji: kama kunywa pombe kungemfikisha mtu, basi walevi wote wangekuwa wameshafika. Ya makaburini ipo pia, Tarapith kule Bengali wako watawa wanaokaa kwenye uwanja wa kuchomea maiti. Ila wafuasi wengi hawavigusi vitu hivyo kabisa. Wao ni mantra, mchoro wa yantra na maua.

Marehemu bibi yangu alikuwa na tasbihi ya punje 108 ndani ya mfuko wa kitambaa, ili mtu asimwone anahesabu. Punje anaivuta kwa kidole cha kati na gumba, kile cha shahada hakigusi. Akifika punje kubwa ya juu haivuki, anageuza tasbihi na kurudi alikotoka. Desturi inasema mantra huiva, yaani hupata nguvu yake, ukiirudia mara laki moja kwa kila silabi. *Namah Shivaya* ina silabi tano, piga hesabu mwenyewe. Ukimaliza unatoa sadaka motoni, moja ya kumi ya idadi hiyo. Mtu mwenye kazi na watoto inamchukua miezi. Halafu mtu aniambie hilo ni zoezi la kupumzika!

Lakini mleta mada, na wewe sikubaliani nawe yote. Mimi mantra kutangazwa hakuniudhi. Ramanuja, yule mwanazuoni wa Kusini mwa India, masimulizi yanasema alipewa mantra ya silabi nane na mwalimu wake wa Thirukoshtiyur, akaonywa kwamba akiitoa ataingia motoni. Akapanda mnara wa hekalu akawatangazia watu wote. Akasema heri aungue yeye mmoja, wengi waokoke. Hadithi hiyo tunafundishwa tangu utotoni na tunajivunia.

Kinachoniudhi ni mawili. La kwanza ni uongo. Mwaka 1955, akihutubia Wahindu wenzake Kerala, Maharishi mwenyewe alisema mantra wanazochagua ni za miungu na zinaleta neema ya miungu hiyo. Amefika Marekani zimekuwa sauti zisizo na maana. Kipi tushike?

La pili ndilo kubwa. Kwetu mantra hupewi, unaiomba. Mwanafunzi anamchunguza guru na guru anamchunguza mwanafunzi, pengine kwa mwaka mzima, na yeyote kati yao anaweza kukataa. Wakikubaliana ndipo inanong'onwa sikioni, nanyi mmefungamana. Mtoto wa miaka kumi na minne ambaye amepangiwa kipindi baada ya hesabu kaomba lini?

Wa Twarika:
Mwana Kisutu umenena. Sisi wa twarika ya Kadiria hapa Unguja nyiradi, yale maneno ya dhikri, tunachukua kwa idhini ya sheikh, naye kachukua kwa sheikh wake. Hata siku moja sitakubali mwalimu wa sayansi kimu amgawie mwanangu dhikri ya kutuliza neva.

Binti Tanga:
Wa Twarika, usifananishe bana. Dhikri ni jina la Mwenyezi Mungu.

Wa Twarika:
Sijasema wanachokiabudu ni kimoja. Nimesema adabu ya kupokea inafanana.

Wa Nairobi:
Huku Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inasema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Kwa hivyo swali langu ni moja tu: mtoto alikuwa na nafasi ya kukataa?

Chicago walijaribu tena kuanzia 2015 hadi 2019. Wakfu wa David Lynch, yule mwongozaji wa filamu, na shule za umma wakaweka "Wakati wa Ukimya", taamuli ileile ya Maharishi. Wanafunzi walidai walishinikizwa, na kwamba ile shughuli ya picha na sadaka ilikuwepo vilevile. Mwaka 2023 mmoja wao akalipwa dola 150,000 kumaliza kesi yake.

Lakini pia msiende upande wa pili kama Alabama. Wao walipiga marufuku yoga shuleni mwaka 1993. Walipoilegeza mwaka 2021 wakaandika kwenye sheria kwamba mantra marufuku, na kusema *namaste* pia marufuku. Salamu! Hiyo sasa ni kumwogopa Mhindu tu, haina uhusiano na kumlinda mtoto.

Kinyonga:
Sawa, kwenye hiari mmenibana. Lakini faida je, tuitupe? Vijana wa mitaa yenye risasi kila wiki wamepata dakika chache za utulivu, nyinyi mnagombania leso.

Mwana Kisutu:
Hakuna anayeitupa, kaka. Daktari Herbert Benson wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwapima watu wa Maharishi, akaona miili inatulia kweli. Mwaka 1975 akaandika kwamba neno lolote litafaa, hata "moja". Ukirudia "moja" huku unapumua taratibu, mwili unatulia. Shule ichukue hiyo, mimi sina ugomvi.

Mleta mada:
Basi Kinyonga, jibu hili, kwa sababu wenzako wote nimewauliza wanazunguka. Kama kuanzia 1975 ilijulikana kwamba "moja" inatosha, na New Jersey walishashindwa mahakamani, kwa nini wanafunzi wa Chicago bado wanasimulia picha ya Guru Dev na sadaka mezani?