Fedha za walio nje: zinaendeleza nchi au zinaokoa familia tu?

Mdogo_wa_Fundi

Wakuu, habari za saa hizi. Kaka yangu yuko nje, kazi za ujenzi, na kila mwisho wa mwezi anatuma pesa. Ndizo zinazosomesha wadogo zetu na kununua dawa za presha za mama. Wiki hii darasani mhadhiri katuambia uhamiaji wa kimataifa ni nguzo ya maendeleo. Mwenzangu akasimama akapinga: nchi inayoishi kwa watu wake kuondoka haijaendelea, imehamisha tatizo tu.

Nikiangalia nyumbani naona wote wawili wana hoja. Pesa inaingia, tunakula, tunasoma. Lakini zahanati haina daktari, maana naye kaondoka. Sasa uhamiaji unaleta maendeleo kweli? Na je, nimwambie kaka apunguze ya matumizi aanze kuwekeza?

Ramani_Kubwa

Mkuu, kwanza ujue ukubwa wa jambo lenyewe. Umoja wa Mataifa ulikadiria wahamiaji wa kimataifa kuwa milioni 304 mwaka 2024, hata asilimia 4 ya watu wote duniani hawafiki. Lakini mwaka 2023, kwa hesabu za Benki ya Dunia, nchi za kipato cha chini na cha kati zilipokea zaidi ya dola bilioni 650 kutoka kwa watu wao walio nje. Hiyo inazidi misaada ya maendeleo, inazidi pia uwekezaji wa moja kwa moja wa wageni. Tajikistan imewahi kufikia hali ambapo fedha hizi zinakaribia nusu ya pato la taifa. Mhadhiri wako hajakosea.

Nesi_Mstaafu

Mdogo wangu, mimi nimeuguza wagonjwa nchi za watu hadi nikastaafu, na jambo hili linaniuma, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Pesa ya kaka yako ni mshahara wake. Si msaada, wala si bajeti ya serikali. Mshahara unafanya kazi ya mshahara: ada ya shule, dawa, bati la nyumba. Watu wanaposema "zinaliwa tu" nashangaa. Mtoto kubaki shuleni na mama kupata dawa zake kila mwezi ni maendeleo, tena ya kudumu. Ila zahanati yenu haiwezi kupata daktari kwa mshahara wa fundi mmoja. Hiyo ni kazi ya kodi na ya serikali, na kaka yako asibebeshwe.

Kuhusu huyo daktari. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kuajiri wahudumu wa afya kutoka nje, zikizitaka nchi tajiri zisiende kuchota wauguzi na madaktari kule ambako upungufu ni mkubwa. Ni kanuni za hiari, hazimfungi mtu. Mimi sikufuatwa na mtu. Niliondoka kwa sababu mshahara ulikuwa unachelewa na glavu hazipo. Ukinifungia mpaka, glavu bado hazipo.

Halafu kuna dhana kwamba nchi ikiinuka watu watatulia kwao. Mchumi Michael Clemens ameonyesha kuwa nchi maskini ikianza kupanda, wanaohama huongezeka kwanza, mpaka kipato kikaribie dola 10,000 kwa mtu kwa mwaka kwa kipimo cha uwezo wa kununua (yaani kwa kuzingatia tofauti za bei kati ya nchi), ndipo hupungua. Ukimsomesha mtu na akapata nauli, dunia inamfungukia. Kwa hiyo maendeleo na uhamiaji vinasukumana, na wanaoahidi misaada ili watu wasihame wanaahidi kisichotokea.

Hasira yangu iko kwa wanaokula katikati. Kutuma dola 200 kumekuwa kukigharimu wastani wa zaidi ya asilimia 6, wakati Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa yanataka ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Tena ada inayoandikwa si yote. Nilikuwa napanga foleni dirishani chini ya tangazo la "bila ada", nikipewa risiti naona ada ni sifuri kweli, lakini kiwango cha kubadilishia fedha kiko chini ya kile cha soko siku hiyo hiyo. Makato yamo mle mle, na anayepokea nyumbani hajui kama kuna kilichopungua.

Na kabla ya hapo kuna wakala wa ajira. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala asimtoze mfanyakazi. Niliokuwa nao chumba kimoja walikuja na madeni ya wakala, na mwaka wa kwanza wote walikuwa wanamfanyia kazi yeye.

Kisima_Chetu

Dada, nakubali mengi, ila usifute michango ya pamoja. Mexico walikuwa na mpango wa tatu kwa moja: kila peso iliyochangwa na vikundi vya wahamiaji walioko Marekani, serikali kuu, jimbo na manispaa kila moja iliongeza peso yake. Zilijengwa barabara na miradi ya maji.

Nesi_Mstaafu

Naujua, na naupenda kwa sababu serikali ilitia mkono mfukoni. Ila vijiji vyenye vikundi imara ndivyo vilivyonufaika zaidi, si lazima vile maskini kuliko vyote. Asiye na ndugu nje naye anahitaji maji.

Mdogo_wa_Fundi

Asante sana dada. Na kaka nimwambieje?

Nesi_Mstaafu

Usimpangie. Muulize kwanza kama deni la wakala limeisha, maana wengi hawasemi nyumbani. Kisha kila akituma, mwambie akupe kiasi alichotoa mfukoni, ulinganishe na kilichofika kwa kiwango cha soko cha siku hiyo. Jaribuni njia mbili tatu, mtaona tofauti. Hicho mtakachookoa ndicho kiwe akiba yake, kwa jina lake, si lenu. Siku akirudi awe na pa kuanzia.

Na mpigie hata siku ambayo hamna shida ya pesa.